Kumsikiliza tenreki wa Andasibe

Jumamosi, Antananarivo

Tumetua uwanja wa ndege wa Ivato alasiri, mvua ya Januari inamwagika. Niko na mpwa wangu, binti wa dada yangu. Anasomea popo, na popote aendapo hubeba kisanduku cheusi kinachonasa sauti za juu mno zisizofika kwenye sikio la mtu na kuzishusha hadi zisikike. Safari hii ni mimi niliyemsihi akibebe. Alifurahi, akidhani mjomba hatimaye ameanza kupenda popo. Nikamwambia popo wasubiri: kuna mnyama wa msituni ambaye ukimwendea mikono mitupu unaambulia kumwona, kumsikia humsikii.

Mnyama huyo ni tenreki wa milia wa misitu ya mashariki ya Madagaska, Hemicentetes semispinosus kwa jina la kitaalamu. Ni mdogo, anaenea kiganjani, na akishiba vizuri hafiki gramu 300. Mwili ni mweusi. Mlia wa manjano unakatiza katikati ya mgongo, kila ubavu una wake, na mwingine unashuka kutoka utosini hadi puani. Pua ni ndefu, imechongoka. Mkia hana. Utosini na shingoni amejaa miiba ya manjano inayochomoka na yenye vinyuzi vikali kama vya ndoana.

Picha zake zimejaa mtandaoni kwa ajili ya rangi hizo, na wengi wanaishia kwenye rangi. Mimi kilichonitoa Tanga ni mgongo wake. Katikati ya mgongo, chini kidogo, ana kikundi cha miiba kama 15 hivi, minene kuliko mingine na isiyochomoka. Chini ya ngozi ya hapo kuna misuli ya kuitikisa. Miiba ikisuguana inatoa sauti, na kwa sauti hiyo mama na watoto wanaitana gizani. Nyenje na panzi tumewazoea kwa mtindo huu. Kwa mnyama anayenyonyesha, nje ya ukoo wa tenreki, haujulikani. Nungunungu wetu naye hutikisa miiba ya mkia, lakini ile ni ya kutisha adui. Hii ni ya nyumbani.

Jioni tuliingia mgahawani tukakuta ravitoto, ambacho ni kisamvu kabisa, kimetwangwa kama cha kwetu, ila kimepikwa na nguruwe. Mama mwenye mgahawa alipoona tunasitasita akatupakulia romazava, mchuzi wa nyama ya ng'ombe na majani yanayotia ganzi ulimi. Wali wao hauna nazi. Nimeuvumilia.

Jumapili, njiani

Taxi-brousse, basi dogo la abiria la hapa, haiondoki mpaka ijae, na kujaa kwake ni kujaa kweli. Barabara kuu namba 2 inateremka kuelekea mashariki, na malori yanayopanda kutoka bandari ya Toamasina yanatupita kwa kushindana kona kwa kona. Kutoka mjini hadi Andasibe, kijiji cha msitu tunaouendea, ni kama kilomita 140, na zimekula nusu ya siku. Tumevuka mto Mangoro, tumesimama Moramanga kununua ndizi. Kutoka hapo pembeni mwa barabara ni magunia ya mkaa na mikaratusi iliyopandwa kwa mistari, mti wa Australia unaochomwa badala ya miti ya hapa. Ukiona kilima cha kijani usikimbilie kusema msitu.

Mpwa wangu alikuwa akitazama picha kwenye simu yangu. "Mjomba, huyu si kalunguyeye tu aliyepakwa rangi?"

Swali zuri, na nilikuwa nalisubiri tangu Nairobi. Kalunguyeye wa Dodoma na Singida ni wa upande wa virukanjia na fuko wa Ulaya. Tenreki hahusiani nao. Ukifuata vinasaba vyake unafika kwenye kundi kongwe lililozaliwa Afrika, ambalo ndani yake wamo tembo, pimbi, nguva, muhanga na sange, yule mwenye pua ya kuchezacheza anayepatikana kwenye misitu yetu ya pwani. Ndugu zake wa karibu zaidi barani ni wanyama wa majini wanaofanana na fisimaji wadogo, ambao wanaishi kwenye mito ya Kongo na vijito vya Ruwenzori. Miiba ya kalunguyeye na miiba ya tenreki ilianza mahali mbalimbali kwa sababu moja: nyama ndogo, meno mengi yanayoitaka.

"Kwa hiyo ni binamu wa tembo."

"Wa mbali. Harusini hawaalikani."

Madagaska ilijitenga na Afrika miaka milioni 160 hivi iliyopita, wakati tenreki hawajakuwepo. Kwa hiyo walikuja baadaye, wakivuka bahari. Maelezo yanayokubalika ni kwamba makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita wanyama wachache walichukuliwa na mafuriko juu ya lundo la miti na mizizi, wakapelekwa na maji hadi ng'ambo. Kutoka kwa hao wametokea aina zaidi ya 30. Mmoja anaogelea na ana utando miguuni. Wengine ni wadogo kama virukanjia. Mmoja ana miiba mwili mzima na anajiviringa kuwa mpira, ukiwekewa yeye na kalunguyeye sinia moja utababaika. Wa milia hajiviringi. Ana mbinu yake, na tumekuja kuiona.

Tumefika na giza. Chumba kinanuka unyevu, chandarua kizima. Inatosha.

Jumatatu, Andasibe

Hapa anayekuamsha ni indri. Ndiye mkubwa kuliko lemuri wote walio hai, wale jamaa wa mbali wa komba wetu wanaoishi kisiwani humu, mweusi na mweupe, karibu hana mkia, na asubuhi familia yake inapaza wimbo unaosafiri kilomita kadhaa. Mwanzo ni mlio mkali, kisha sauti ndefu zinazopanda na kushuka, kisha familia ya kilima cha pili inajibu. Mpwa wangu alisahau kurekodi. Nikawaza kwamba msitu huu mmoja una mnyama anayeitangazia nusu ya wilaya kwamba hapa ni kwake, na chini ya miguu yetu yuko mwingine anayesema na wanawe tu.

Kuingia hifadhini lazima uwe na kiongozi. Wetu ni kijana wa hapahapa, ametembea na watafiti tangu hajaota ndevu. Anaongea Kifaransa na Kiingereza, na mpwa wangu ananisaidia pale Kifaransa changu kinapokauka. Nikamwuliza kuhusu usiku. Akasema usiku ndani ya hifadhi ya taifa hakuingiwi, ni marufuku. Tutakwenda kwenye msitu unaosimamiwa na wanakijiji, na kando ya barabara. "Lakini sora," akasema, maana ndivyo anavyoitwa hapa, "anatoka hata mchana kama mvua imenyesha."

Mvua ilinyesha. Tulimwona kinyonga mkubwa wa kijani, tukaona ruba wengi kuliko majani, tukaona mashimo. Sora hatukumwona. Mashimo yenyewe si ya kupuuza, yako karibu na kijito, kwenye mwinamo, mdomo umezibwa na majani makavu yaliyosokotwa ndani kwa makusudi. Kiongozi hakugusa. Alielekeza kwa kijiti tu na kusema humo wanalala wengi. Hapo ndipo tenreki wa milia anapotofautiana na karibu ndugu zake wote. Tenreki wengine ni wapweke, wanakutana kupandana na basi. Huyu anaishi na jamaa. Shimo moja linaweza kuwa na vizazi vinavyopishana, idadi ikapita 20.

Ruba nimetolewa shingoni na mpwa wangu, akicheka. Nyumbani angesema pole kwanza.

Jumanne

Mvua kutwa. Hatukutoka. Mpwa amekijaribu chombo chake kwa kutikisa funguo za chumba mbele yake, chombo kikatoa mchakato mkali ambao masikio yetu hayakuwa yameupata kutoka kwenye funguo zenyewe. Kinafanya kazi. Nimekunywa chai mpaka basi.

Jumatano usiku

Tumewapata.

Saa mbili usiku, kwenye njia ya msitu wa kijiji, udongo umelowa na minyoo iko juu. Kiongozi alisimama, akainua mkono. Mbele yetu, hatua chache, majani yalikuwa yakitembea. Pua ndefu ikachomoza, ikazama, ikachomoza na mnyoo. Alimvuta kwa mguu, akamtafuna kuanzia ncha moja, akamaliza upesi. Hicho ndicho chakula chake hasa, minyoo ya ardhini, na mwili wake umekubaliana nacho: pua ya kupekua, kucha za mbele za kufukulia, na meno madogo mno, kwa sababu mnyoo hauhitaji kutafunwa kwa nguvu.

Nyuma yake kulikuwa na watoto. Nimehesabu watano, kiongozi anasema sita. Walikuwa na rangi zilezile za mama, wametawanyika, kila mmoja anapekua pake.

Mpwa aliwasha chombo na kuzungusha kitufe polepole. Mwanzo ni uvumi mtupu. Kisha, alipopanda juu ya pale sikio la mtu linapokoma, ikaja milio mifupi mikavu ya haraka, inatulia, inarudi. Mama alipotulia kula, ilipungua. Alipohama, iliongezeka. Nilipoinama sana nilisikia kitu pia kwa masikio yangu, mkwaruzo hafifu sana, ule ukingo wa chini tu wa sauti. Sehemu kubwa inapita juu ya uwezo wetu.

Kwa nini uchague sauti ya juu hivyo? Mpwa anajibu kama mtu wa popo. Sauti za namna hii hazifiki mbali, majani na unyevu huzimeza upesi. Kwa mama mwenye watoto hatua chache nyuma yake hiyo si hasara. Watoto wanasikia, na mwindaji aliye mbali hasikii. Nimeyakubali, ingawa mimi ningeongeza kwamba mnyama asiyeona vizuri, mwenye pua iliyozama ardhini muda wote, anahitaji njia ya kusema bila kuinua kichwa. Kinywa kimejaa mnyoo. Mgongo uko huru.

Alhamisi

Asubuhi tulipita kijijini, na mbinu yake tumeiona bila kuipanga. Sora mmoja, yuko peke yake, alikuwa akipekua pembeni mwa shamba la mihogo, mchana kweupe. Mbwa mmoja wa pale, kijana na mjinga kiasi, akamwendea kumnusa.

Sora hakukimbia wala hakujiviringa. Alisimamisha ile miiba ya utosini na shingoni, ikafunguka mbele kuzunguka uso. Akainamisha kichwa, kisha akakirusha juu kwa kishindo cha ghafla, mara mbili tatu, akimlenga mbwa puani. Hashambulii ovyo. Pua ndiyo inayotangulia kwa kila mla nyama, na ndiyo yenye maumivu. Mbwa alilia, akarudi nyuma akipangusa uso kwa miguu ya mbele. Mwenye mbwa, bibi mmoja mwenye kofia ya ukindu, alimkamata akamng'oa mwiba mmoja puani huku akimsema. Miiba ya kichwani huachia kwa mwenyewe na kung'ang'ania kwa mwingine kwa sababu ya zile ndoana. Fosa, yule mla nyama mkubwa wa kisiwa hiki, anawala tenreki, na kadhalika nguchiro wa hapa. Hakuna silaha inayozuia kila kitu. Lakini chui wa gramu mia mbili angejitetea vibaya zaidi.

Bibi alitukaribisha barazani. Kiongozi akawa mkalimani, nami nikamwamkia kwa adabu zote nilizo nazo, maana shikamoo haitafsiriki ila mikono inaeleweka. Kasema sora wanaingia shambani kwake kila msimu wa mvua na hamwogopi, hali mihogo. Ikifika baridi, Juni na Julai, hawaonekani.

Ni kweli. Tenreki kwa jumla ni wanyama wa damu ya moto ambao hawalipii moto huo muda wote. Joto la mwili wa sora liko chini kuliko la mamalia wengi na linapandashuka na hali ya hewa. Miezi ya baridi minyoo inapoadimika, anajifungia shimoni, joto la mwili linashuka karibu sawa na la udongo, na moyo na pumzi vinapunguzwa. Siku ikiwa ya joto anaweza kuzinduka na kutoka. Tenreki mkubwa asiye na mkia, Tenrec ecaudatus, amezidi: watafiti waliwapima kwenye msitu wa Ankarafantsika, kaskazini-magharibi, wakakuta anaweza kulala miezi tisa mfululizo bila kuzinduka. Huyo ndiye watu wanaomla sana, na ndiye waliyemchukua hadi Komoro, Réunion, Morisi na Shelisheli. Bibi alisema nyama yake ina mafuta mengi. Alipoona uso wangu akacheka, akaleta mahindi.

Hesabu ya uzazi wao nimeielewa barazani hapo, kwa kuwa bibi aliuliza kwa nini wanaisha baridi na mvua ikija wanajaa. Mimba inachukua kama miezi miwili. Wanazaliwa watano hadi wanane kwa kawaida, wakati mwingine 11. Wanaachishwa kunyonya wakiwa na wiki tatu hivi. Kisha, kwenye wiki ya tano, mtoto wa kike anaweza kuwa tayari kupata mimba yake mwenyewe. Hakuna tenreki mwingine anayewahi hivyo. Msimu mmoja wa mvua unatosha kumfanya mtoto wa Novemba awe mama kabla minyoo haijazama. Ndiyo maana shimoni mnakutana bibi, mama na wajukuu: vizazi vinapishana katika miezi michache ya shibe.

Bibi alisikia tafsiri, akatikisa kichwa. Akasema kitu, kiongozi akacheka akakataa kukitafsiri.

Ijumaa usiku

Tumerudi pale pale, safari hii na taa yenye kitambaa chekundu, kwa sababu Jumatano mwanga mweupe ulimfanya mama asimamishe miiba kila tulipomwelekea. Familia ilikuwa pale. Sijui kama ndiyo ileile, sitajidai.

Tulikaa zaidi ya saa nzima bila kusogea, ruba wakijipatia riziki yao. Mtoto mmoja alizunguka nyuma ya gogo lililolala, akafuata minyoo yake, na wenzake wakahama na mama kuteremka kijitoni. Mpwa alikuwa na vipokea sauti masikioni. Nikaona amenishika mkono. Mama alisimama. Alikuwa bado hajageuka nyuma wala hajainua pua. Ile miiba ya katikati ya mgongo ilitikisika, na mpwa akaninong'oneza kwamba milio imeongezeka na imebana. Nyuma ya gogo mtoto akaacha kupekua. Akageuka. Akalizunguka gogo kwa upande usiofaa, akasimama, akasahihisha, akashuka mbio kwa vile vimiguu vyake hadi kwenye kundi. Milio ikapungua.

Nimeandika hapa tulichokiona tu. Mara moja si ushahidi, na mpwa ameniambia hivyo mara nne kabla hatujafika chumbani. Lakini wawili waliofanya kazi kubwa juu ya tenreki miaka ya 1960, Edwin Gould na John Eisenberg, walieleza kwamba mawasiliano ya miiba huwaweka watoto karibu na mama wanapotafuta chakula, na mimi nilipoona yule mtoto akisahihisha njia sikuwa na ubishi tena. Gould pia alionyesha kwamba baadhi ya tenreki wanabofya kwa ulimi na kutumia mwangwi kupapasa njia gizani. Hili ndilo linalomkosesha mpwa usingizi sasa. Popo wake wanafanya vivyo hivyo, kwa ustadi mkubwa zaidi. Ameketi kitandani na kompyuta, anazipanga sauti, anatafuta mibofyo kati ya mikwaruzo. Nimemwambia alale. Ameniambia, "Lala wewe, mjomba."

Jumamosi, Moramanga

Tunasubiri gari lijae. Kiongozi amekuja kutusindikiza na ameleta habari za watu wa milimani. Nyanda za juu, kwenye baridi zaidi, kuna ndugu wa sora, tenreki wa milia mwenye kichwa cheusi, ambaye pale penye manjano yeye ana weupe, na manyoya yake ni mazito. Naye anaongea kwa mgongo. Mpwa anataka kulinganisha sauti zao, na ameshaanza kuuliza nauli za kusini, kwenye misitu ya upande wa Ambositra. Pesa ya nani, hajasema.

Kwa anayetaka kuja: chagua kati ya Novemba na Machi, ukijua kwamba Januari na Februari ni msimu wa vimbunga na barabara ya Toamasina inaweza kufungwa. Kiongozi mwajiri kijijini, usije naye kutoka mjini, maana anayejua mashimo ni wa hapa. Vaa soksi ndefu juu ya suruali kwa ajili ya ruba. Sora hayumo katika hatari ya kutoweka kwa sasa, na anavumilia mashamba kuliko wanyama wengi wa msitu huu, mradi udongo ubaki na unyevu wa kuweka minyoo. Msitu unaokatwa na kuchomwa kwa ajili ya mpunga wa milimani ndio unaoondoka na unyevu huo. Usimshike hata akionekana mpole. Na usipopata chombo cha popo cha kuazima, nenda hivyohivyo, ila inama sana na ufunge mdomo, mkwaruzo wa chini unaweza kuupata ukiwa kijana. Mpwa wangu anaupata kwa mita mbili. Mimi ilibidi nilale chini.